Nilimwambia mpwa wangu "silaha ya mwanga", mama yangu akasikia mchawi

Habari za saa hizi wakuu. Anayetafuta chai, stori za kutunga, apite tu, hapa hakuna. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie.

Mimi ni fundi simu, nipo Zinga. Mama yangu anaishi Kaole na mpwa wangu Rukia, miaka minane. Dada yangu, mama yake Rukia, yuko Uarabuni kikazi.

Siku moja nimeenda kuwasalimia, Rukia akaona kwenye simu yangu video ya meli inatungua droni. Hakuna mlio, hakuna kombora. Droni inaungua tu angani, inaanguka.

"Mjomba, risasi iko wapi?"

Wakuu, mimi ukinigusa kwenye mambo ya umeme sinyamazi. Nikamwambia hiyo ni silaha ya mwanga. Mwanga wa tochi unatawanyika kama wanafunzi wakitoka mapumziko, kila mtu na njia yake. Wa leza unakwenda umejipanga kama gwaride, wote upande mmoja. Ukiganda sehemu moja ya droni sekunde kadhaa, pale panashika moto mpaka panayeyuka. Ila ukungu na mvua vinaupunguza nguvu, na unakula umeme balaa.

Nyingine zinatumia mawimbi kama ya ile oveni ya kupashia chakula. Hizo haziyeyushi kitu, zinavuruga saketi tu.

Nikachukua lenzi ya kazini, nikakusanya jua juu ya jani kavu, likatoboka. Mtoto akaruka kwa furaha.

Hapo ningeishia. Bwege mimi, nikampa na kitochi cha leza cha kijani, vile vinavyouzwa na vishikio vya funguo. Nikamwambia asimmulike mtu. Basi, sikuongeza neno.

Kesho yake mimi nimesharudi Zinga, akajimulika jicho la kulia, karibu kabisa. Alitaka kuona huo mwanga umejipangaje humo ndani.

Akamkimbilia mama jikoni. "Bibi, nimepigwa na mwanga jichoni!"

Sasa nyie wa bara mtuelewe. Mwanga ni huu wa taa, lakini mwanga ni mchawi pia, na huku pwani mtu mzima akisikia mtoto kapigwa na mwanga, hawazi taa. Angesema "mwanga umenipiga", pengine mama angeshtuka kwamba huyu hazungumzii mtu, maana mchawi angekuwa "amenipiga".

"Yarabi! Nyamaza, usimtaje tena!"

Siku tisa, wakuu. Mtoto akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya, akasomewa, akafukizwa ubani. Mtoto ana adabu, kaambiwa anyamaze, kanyamaza. Nikipiga simu mama ananijibu, "Hajambo, anacheza." Aliogopa kulisema jambo lile kwenye simu.

Nilipokwenda tena nikamkuta Rukia anaangalia TV kichwa kakipindisha. Nikamuuliza vipi.

"Katikati kuna doa jeusi, mjomba. Bibi amesema nisiseme."

Nilimbeba vile vile mpaka hospitali, hata viatu hakuvaa, mama nyuma yetu. Daktari akapima, akasema nyuma ya jicho kuna kovu. Tungewahi wangejaribu dawa, ingawa nayo si ya uhakika. Sasa doa lile halitoki.

Mama akamgeukia mtoto. "Rukia, mbona hukusema taa?"

"Mjomba alisema mwanga."

Nililia pale pale kwenye benchi mbele za watu, sikuona haya.

Nilichojifunza: ukimfundisha mtoto kitu, mfundishe na kinavyomdhuru yeye mwenyewe. Na mtu mzima wa nyumbani awepo asikie, kwa maneno anayoyatumia yeye. Vitochi vile msiwape watoto, tafadhali sana.

Mimi mnitukane, nastahili. Ila mama msimguse. Juzi nimemkuta kaziba jicho lake la kulia kwa kiganja, anachambua mchele kwa mkono mmoja. Nikamuuliza, mama unafanya nini? Akasema anataka kujua mjukuu wake anaona nini.

Mliowahi kuwa na mzazi anayejilaumu hivi, mlimwambia nini?