Vitundu vya Betri ya Baba

Kaka yangu ni fundi saa, na mimi na yeye hatuongei. Baada ya msiba wa mama aliichukua cherehani yake, akaing'oa mota ili aendeshee mashine yake ya kunolea, na tangu siku hiyo hajapata shikamoo yangu. Miaka mitatu sasa. Tunaishi nyumba moja, milango inatazamana, na kila tunachotaka kuambiana kinapitia kwa baba. Mwambie mwanao asisafishie vyuma jikoni. Mwambie binti yako jiko si la kwake. Hapo sote watatu tuko sebuleni.

Kazi hiyo inataka masikio, na masikio ya baba ni kiboksi cha kizamani cha kusikilizia anachokivaa kifuani, kina waya unaopanda hadi sikioni. Kipya hataki hata kukisikia. Betri zake zilikuwa za zebaki, viwanda viliacha kuzitengeneza siku nyingi, na akiba yake iliisha mwaka jana.

Nitasema kweli ingawa inaniuma: yule bwana fundi ana mikono. Alitafuta betri ndogo ya siku hizi, ile inayovuta hewa, akaivika pete ya mpira aliyoikata kwenye bomba la maji ili isicheze, na chini akakunja karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara mpaka ikagusa chuma cha kiboksi. Baba akasikia hadi mjusi ukutani. Kaka akamwonyesha vitundu mgongoni mwa betri, akamwonya asije akaviziba, kwa sababu ikikosa hewa inazimika.

Juzi ikazimika. Baba akawa anatutazama midomo tu, na mimi nikapandwa na hasira. Nikauambia ukuta kwamba kuna watu wanamfanyia mzee majaribio. Kaka naye akaiambia saa aliyoishika kwamba kuna watu wana vidole visivyotulia. Halafu akakifungua kile kiboksi mezani. Juu ya vitundu palikuwa na kipande cha plasta, kimekatwa vizuri kwa mkasi.

Alinitazama usoni. "Umeziba wewe."

"Mkasi ni wako," nikamjibu.

Baba alikuwa ameona plasta kwenye ncha ya kibano cha kaka.

"Nimeziba mimi," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Mmenigeuza tarishi wa matusi. Midomo mnayo."

Akachukua kiti chake, akaenda kukaa uani.

Tukabaki sisi na kiboksi. Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa nyingi zaidi.

"Nirudishie mota ya mama."

"Iliungua wiki ileile," akasema. "Ungeniuliza."

"Ungeniambia."

Hapo ndipo tulipoanza kugombana kweli, bila mtu katikati, mpaka koo zikatukauka. Nilipochungulia dirishani, baba alikuwa ametupa mgongo, amenyoosha miguu juani, usingizi umemchukua.