Tusekile na Kazi Zilizochaguliwa Msibani

Mjukuu wangu Tusekile alizaliwa njiani, kati ya Makwale na Ipinda, juu ya baiskeli, na baiskeli haikusimama. Mkunga wa Ipinda alisema mtoto amefika kabla ya mama yake. Wapo wanaosema naongeza chumvi. Chumvi ni ghali siku hizi, siwezi kuimwaga ovyo. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile mtoto huyu hajawahi kukaa mahali mpaka kigoda kikapata joto. Ukimtuma kiberiti dukani, atarudi na kiberiti, na habari za watu wa Ndandalo, na mbuzi wa jirani aliyepotea tangu kiangazi.

Baba yake, Eliud, ni mwanangu. Analima kokoa, na kokoa ni kazi ya mtu aliyetulia: unaivundika kwenye majani ya migomba, unaigeuza, unaianika, unangoja. Alipokuwa akimwona binti yake anavyozunguka uani alikuwa anakuna kichwa.

"Mama, huyu nimpeleke wapi?"

Basi tukafanya kama wengi wafanyavyo huku kwetu, tukangoja msiba.

Msibani ndiko tunakochagulia watoto kazi. Ndugu waliotawanyika hurudi kuzika, na sisi tuliokaa mikekani tunalia kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye magari. Nani kaja na gari gani, na anafanya kazi gani huko aliko. Kabla matanga hayajaanuliwa, mtoto wa fulani ameshapangiwa maisha. Tulipomzika shangazi yake Eliud, alikuja muuguzi mmoja na gari jeupe, na Tusekile akapelekwa kusomea uuguzi. Kule akaona wagonjwa wanalala mno. Nasikia aliamsha wodi nzima akaitembeza mpaka sokoni, na wawili wakapona hukohuko kwenye nyanya. Muhula haukuisha, akarudi.

Msiba uliofuata alikuja Ambilikile, binamu yake, mhasibu, na gari jeusi refu hivi kwamba mbele lilifika kwetu na nyuma likabaki kwa jirani. Basi ikawa uhasibu. Tusekile akaenda chuo kingine, Mbeya, akauvuta mwaka wa kwanza kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kuvuka mto. Likizo hii alipokuja, alikuwa hali, halali, anafungua mlango na kuufunga.

"Unaumwa nini?" nikamuuliza.

"Kiti, bibi. Naumwa na kiti."

Eliud akasikia. Akasema mbele yetu sote, "Ukiacha na hiki, hakuna cha tatu. Jembe lako liko nyuma ya mlango." Na Eliud husema jambo mara moja.

Likizo ilipoisha nikapewa kazi ya ulinzi. Nimfikishe chuoni, nihakikishe ameingia darasani, nirudi. Nilimfikisha vizuri. Nikageuka kidogo kumwangalia kijana mmoja aliyevaa suruali iliyopasuka magotini kwa makusudi, na nilipogeuka tena mjukuu hayupo. Nikauliza majengo yote. Nikamkuta kwenye chumba kidogo, amesimama, anaongea na mwanamke mwenye hijabu ya kijani.

"Shikamoo bibi. Karibu. Mimi ni Mwalimu Sabrina, nawashauri wanafunzi kuhusu masomo na kazi. Ni mtu wa kwenu pia, binti wa Muksini wa duka la vitenge, Kyela mjini."

"Marahaba. Ni Muksini yule aliyemuuzia mamba kitenge?"

"Huyohuyo. Ila mamba hajalipa mpaka leo."

Nikajua nimepata mtu. Lakini nilikuwa na kazi niliyotumwa, nikaanza kuitetea. "Mwalimu, mtoto huyu anapenda hesabu. Wale nzi wa ziwani wakipanda angani kama moshi, yeye huwahesabu."

"Huwa wangapi?"

"Inategemea siku."

Tusekile hakucheka. Alikuwa anang'ata kucha. "Mwalimu, niambie tu nisome nini. Baba amesema hakuna cha tatu. Nikikosea tena, nimekwisha."

"Sitakwambia," alisema Mwalimu Sabrina. "Umeshaambiwa mara mbili, na umeona. Wala sikuulizi unataka kuwa nani. Nijibu hili: mara ya mwisho palipokuwa na shughuli kubwa kwenu, na hukutumwa na mtu, ulikuwa wapi?"

"Msibani kwa mzee Anyisile, Ndandalo. Nilikuwa barabarani."

"Alikuwa anakwepa kumenya ndizi," nikasema. "Wanawake wa jikoni walimlaumu mpaka mboga zikachacha."

"Bibi, mwache aseme. Barabarani ukifanya nini?"

Tusekile akaacha kucha. "Jeneza lilikuwa linatoka huku Mbeya, na mto ulikuwa umefurika umekata barabara. Gari lingefika lingekwama. Nikaenda kwa Yasini, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikamwomba zile pawatila zake, trekta ndogo za kulimia. Tukapita juu, kwenye matuta ya mashamba. Nikavusha sufuria kwanza, maana zikichelewa watu watazika na njaa. Halafu jeneza na wafiwa. Kwaya nikaiacha mwisho."

"Kwa nini kwaya mwisho?"

"Kwaya inaweza kuimba popote ilipokwama."

Mwalimu Sabrina aliinama kwa kucheka. Siku ile sote tuliamini jeneza limevushwa na maombi ya mchungaji.

"Nani alikwambia ufanye hayo?"

"Hakuna. Niliona vitu viko upande huu na watu wako upande ule, nikakosa raha."

"Wapo watu wanaolipwa kwa kukosa raha ya namna hiyo," alisema mwalimu. "Hapa chuoni tuna kozi ya usafirishaji na ugavi. Subiri, usinijibu leo. Hizo kazi mbili za mwanzo mlizitazama zikiwa zimeoshwa. Safari hii nenda ukaitazame ikiwa na matope. Kaa na Ambilikile ofisini kwake, umuulize siku yake mbaya inakuwaje. Kisha nenda Kasumulu mpakani, kwa Kisa, niliyemfundisha mimi. Ni wakala wa forodha. Muulize hivyohivyo. Kubadilisha kozi mwisho ni Jumanne. Rudi na jibu lako, si langu."

Kwa Ambilikile alikwenda peke yake, akarudi amechanganyikiwa zaidi. "Anaipenda kweli, bibi. Mahesabu yakikubaliana anapiga meza kwa furaha. Mimi ningepiga mlango nikatoka."

Kasumulu tulikwenda wote. Malori yalikuwa yamepangana hata la mwisho nadhani lilikuwa bado kiwandani linaundwa. Nikasema hapa ndipo mjukuu wangu atapaa. Kumbe hayatembei. Madereva wamelala chini ya malori, Kisa amekaa kwenye benchi na makaratasi mapajani.

"Siku mbaya ndiyo hii," Kisa akamwambia. "Kungoja. Siku nyingi ni kungoja."

Niliona uso wa Tusekile ukisawijika. Alitembea mpaka kwenye geti, akarudi, akatembea tena. "Bibi, hii ni kokoa ya baba tu, imewekewa matairi. Twende nyumbani."

Lakini palikuwa na lori dogo la vifaranga wa kwenda Karonga, ng'ambo ya mpaka, limesimama juani, nao wanalia. Tusekile alilipita mara ya kwanza. Mara ya pili akamuuliza dereva, "Umekwamia nini?" Dereva hajui. Akamuuliza Kisa. Kisa akasema karatasi ya daktari wa mifugo haionekani, imeingizwa kwenye dirisha lisilo lake. "Nikitoka hapa nitapoteza zamu yangu. Unaweza kwenda kuiulizia?"

Hakumaliza kusema. Mjukuu wangu alizunguka madirisha yote, akatukanwa kwenye moja, akachekwa kwenye jingine, akakalishwa nje ya la tatu, na akakaa. Nimemwona kwa macho yangu, amekaa, shingo imenyooka, kama paka aliye mbele ya shimo la panya. Lile lori lilipotoka jua lilikuwa limeshapinda. Vifaranga walipofika Karonga walikuwa wanataga.

"Kungoja kwa baba sikuwezi," aliniambia tukirudi. "Kule unangoja jua. Huku unangoja mtu, na mtu unaweza kumfuata."

Jumatatu asubuhi akamwambia Eliud. Kokoa ilikuwa juani, yeye anaigeuza kwa reki, hakuinua kichwa. "Baba, nabadilisha kozi. Najua naanza upya mwaka. Najua siku nyingi ni za kungoja na kutukanwa. Mwisho ni kesho, naondoka leo."

"Nilisema hakuna cha tatu."

"Ulisema. Viwili vya kwanza mlichagua nyinyi."

Reki ikasimama. Nilitamani kudanganya kitu, chochote. Eliud akaniambia nitoe simu yangu, nimtafutie mwalimu yule, maana aliniachia namba siku ile chuoni. Mimi hutambua watu kwa picha zao. Nikabonyeza ile ya hijabu ya kijani, tukaweka sauti ya nje.

"Mwalimu," Eliud akasema, "unanihakikishia hiki hatakiacha?"

"Siwezi, baba Tusekile. Ningekudanganya. Ninachojua ni kwamba hiki ameuona ubaya wake kwanza, na bado anakitaka. Vile viwili hakuwahi kuonyeshwa ubaya wake."

Eliud akashukuru, akakata. Akaigeuza kokoa kwa muda mrefu, mpaka nikahisi mbegu zenyewe zimechoka.

"Haya," akasema. "Lakini akifika asianze kuzunguka. Aandikishwe kwanza."

Tukageuka kumwambia. Uani hayupo, ndani hayupo, begi halipo. Alikuwa ameshaondoka zamani, bila kusubiri neno la mtu. Eliud akatupa reki, akaanza kukimbia kuelekea barabarani, kiatu kimoja mguuni, nami nyuma yake nimeshika kitenge. Mwanangu huyu sijamwona akikimbia tangu atahiriwe. Gari la Mbeya lilikuwa linaondoka. Eliud akalipiga ubavuni kwa kiganja, likasimama, na uso wa Tusekile ukatokeza dirishani, umejiandaa kwa ugomvi.

"Uandikishwe kwanza," Eliud akasema, anahema. "Ndipo uzunguke."

"Ndaga, taata," akasema Tusekile. Asante, baba. Kisha akamwambia dereva twende, tunachelewa.