Mahali pa Kuwalaza Watoto wa Watu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau wala sitaki kuisahau. Ni siku niliyopiga kambi mahali pabaya mbele ya watoto kumi, kisha nikaing'oa kabla jua halijazama. Wengi huzificha siku zao za namna hiyo. Mimi naisimulia kwa kujivuna, na ukinisikiliza mpaka mwisho utajua kwa nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mgeni katika shule moja ya msingi upande wa Mbuchi. Kwetu ni Singida, nchi ya mbuga na ng'ombe, na nilipopangiwa kazi huku delta nililia siku mbili. Maji kila upande, mikoko, mbu, na watu wanaozungumza Kiswahili kitamu kuliko changu. Lakini mgeni akipokewa vizuri husahau kilio chake, na watu wa Mbuchi walinipokea. Mwaka wa pili nilikuwa nakula samaki kwa wali kama niliyezaliwa nao.

Zilikuwa zile zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni na kanga zilirudi madukani, mitumba ikafika mpaka vijiji vya majini, na kila aliyekuwa na mtumbwi akawa mfanyabiashara. Ila baadhi ya mambo yaliondoka kimyakimya. Zamani wanafunzi wakienda kwenye michezo lori lilitumwa kuwangoja ng'ambo ya mto. Mwaka ule tuliambiwa shule ijitegemee. Nami nilikuwa na timu ya wasichana ya mpira wa pete, niliyoifundisha mwenyewe kwenye uwanja wa udongo, pete yetu ikiwa chuma kilichokatwa kutoka kwenye pipa. Tulialikwa kwenye mashindano ya shule kule Bungu, kwenye barabara kuu. Hakuna msichana wa shule yetu aliyewahi kwenda kucheza huko.

Niliwaambia wazazi tutakwenda kwa miguu. Siku mbili, usiku mmoja njiani. Walikubali, na wakatupa watu wawili wa kutusindikiza. Mmoja alikuwa Baba Zuhura, baba wa nahodha wetu, mwenye baiskeli ya kubebea mchele na sufuria. Wa pili alikuwa Bi Tatu, mkulima wa mpunga, mama mtu mzima mwembamba, aliyekuwa na mjukuu katika timu aitwaye Asha. Siku ya kuondoka mama mmoja alinishika mkono pale kivukoni akasema, "Mwalimu, wako kumi. Uturudishie kumi."

Tulivushwa kwa mitumbwi asubuhi, tukapita mashamba ya mpunga uliokwisha kuvunwa, halafu tukaingia mbugani. Mwanangu, nilipoiona ile mbuga moyo ulinifunguka. Nyasi mpaka macho yanapokoma, kama kwetu. Nikawaambia watoto kwamba sasa tumefika nchi ninayoijua mimi. Nikatangulia mbele kwa mwendo wa mtu anayerudi nyumbani. Ujue, kujiamini ni kitu kizuri, lakini huwa hakina macho nyuma.

Tulikusudia kulala katika kijiji kilichoko mwisho wa mbuga. Hatukufika. Wazazi walikuwa wamewanunulia watoto raba za mtumba kwa ajili ya safari, kila mmoja na saizi ya mtu mwingine, na kufikia saa nane Asha alikuwa na malengelenge miguu yote miwili. Bi Tatu alinishauri kwa upole tuanze kutazama mahali pa kulala wakati jua lingali juu. Nilimjibu kwamba bado mapema. Nilitaka twende, twende tu, mpaka ilipokuwa saa kumi na moja kasoro na watoto wakaanza kukaa chini bila kuambiwa.

Hapo tukalikuta bwawa. Sijui nikueleze vipi lilivyopendeza. Mto ukifurika wakati wa masika huacha mabwawa mbugani, na hili lilikuwa na maji safi, mkuyu mkubwa wenye kivuli, na pembeni mwake majani mafupi, laini, sawasawa, kana kwamba mtu alipita na fyekeo jana. Kila mahali pengine nyasi zilitufika kiunoni. Hapa tulikanyaga kama tuko ukumbini. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, lakini mimi niliuona mlango nikatosheka. Nikatangaza tunalala hapo. Baba Zuhura alilitazama bwawa, akanitazama mimi, akasema mwalimu akisema hapa basi ni hapa, akateremsha mzigo. Watoto wakatandika mikeka na kanga. Tukapanga mafiga, tukabandika wali.

Bi Tatu hakuutua mzigo wake. Alizunguka ukingo wa bwawa polepole, kifurushi kichwani, akiinama hapa na pale. Aliporudi aliniomba nifuatane naye tukaokote kuni. Kuni tulikuwa nazo, lakini nilimfuata.

Tulipofika mbali na masikio ya watoto aliuliza, "Mwalimu, huko kwenu majani ya mbugani hufupishwa na nani?"

Nikamwambia na ng'ombe.

"Na hapa umeona ng'ombe?"

Niligeuka nikatazama. Hapakuwa na ng'ombe, wala zizi, wala njia ya binadamu, tangu asubuhi.

"Basi yuko anayeyala," akasema.

Akanionyesha. Kwenye ukingo palikuwa na mfereji wenye utelezi, umelainika kwa kupitwapitwa, mpana kama mlango wa nyumba, ukitoka majini na kupanda moja kwa moja mpaka pale watoto walipotandika. Vichaka vya kandokando vilikuwa vimerushiwa mavi kama makapi ya mpunga. Nilikuwa nimevipita vyote hivyo nisivione, kwa sababu nilikuwa naitazama Singida.

"Kiboko hana ugomvi na wewe," Bi Tatu akasema. "Akitoka kwenda kula anataka njia yake tu. Nawe umewalaza watoto mlangoni kwake."

Nitakwambia kweli, mwanangu, kwa kuwa hekima isiyo na kweli haifai kitu. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa kiboko. Lilikuwa aibu. Nilimwambia watoto wamechoka, Asha hawezi kutembea, wali uko motoni, na isitoshe nikiwaambia sasa tuhame, watanionaje tena? Nani atanisikiliza kesho uwanjani?

Bi Tatu alikuwa ameniita mwalimu tangu siku niliyofika kijijini. Hapo alibadilisha.

"Mwanangu," akasema, "aibu yako itakwisha kabla ya kesho jioni. Mtoto wa mtu akipotea, hilo halina mwisho. Ningeweza kulisema mbele yao. Nimekuita huku ili ukaliseme wewe."

Nimekaripiwa mara nyingi maishani, na wakubwa wa kazi na wakubwa wa ukoo. Sijapata karipio jingine lililonivunja na kuniinua kwa pamoja. Mama yule alikuwa ameshika heshima yangu mkononi, angeweza kuiangusha, akanirudishia.

Nilirudi penye moto nikasimama. Nikasema, "Watoto, nimekosea. Mahali hapa pana mwenyewe, na mwenyewe ni kiboko. Tunahama sasa hivi."

Asha akaanza kulia, si kwa woga bali kwa uchovu, na machozi yake karibu yanirudishe nyuma. Lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Zuhura, nahodha, alikuwa wa kwanza kuinuka. Alikunja kanga yake, akachukua mzigo wa Asha akauweka juu ya wake, na wengine wakamfuata. Asha alipandishwa baiskeli, wasichana wawili wakaisukuma. Sufuria la wali tulilishika kwa majani mabichi, mimi upande huu na Baba Zuhura upande ule, tukaenda nalo likitoka mvuke, wali haujaiva.

Tukiwa njiani nilimuuliza Baba Zuhura kama naye alijua. Hakunificha.

"Nilijua, mwalimu," akasema. "Hukuniuliza."

Neno hilo lilikuwa zito kuliko sufuria. Binti yake mwenyewe alikuwa ametandika pale, naye alinyamaza, alikwisha kuanza kufikiri jinsi ya kukesha na moto, kwa sababu tu mwalimu alikuwa amekwisha kusema. Cheo changu kilikuwa kimemfunga mdomo mtu mwenye kujua. Tangu siku ile naogopa sana mahali ambapo watu wote wanaafikiana nami.

Bi Tatu alituongoza kiasi cha nusu saa mpaka kwenye mwinuko mdogo ambao mimi nisingeutazama mara mbili. Hapakuwa na maji wala kivuli cha maana, minazi miwili mizee tu, na nyasi ngumu. Akasema ni mahame, palikaa watu kabla hawajahamishiwa vijijini. Waliojenga hapa walikwisha kuchagua kwa niaba yetu, na mafuriko ya miaka mingi yalikwisha kuwapa mtihani. Alituonyesha mashina ya vichaka vya chini yenye alama ya maji na takataka zilizonasa, kisha ya juu, makavu. Alishika udongo akaufinya. Alitukataza kulala chini ya minazi, kwa sababu nazi haipigi hodi. Alikagua ardhi asije akatulaza kwenye njia ya siafu. Akatazama moshi wa moto wetu mpya unaelekea wapi, ndipo akasema vichwa viwe huku na miguu kule. Hapo ndipo alipoutua mzigo wake.

Watoto walikula wali uliopikwa mara mbili na walilala kama magogo. Bi Tatu na Baba Zuhura walipokezana motoni. Nami nilipokea zamu yangu, sikuikataa.

Asubuhi, jua likiwa limepanda vizuri, tulihitaji maji, na tukagundua mkeka mmoja umesahaulika. Nilirudi bwawani pamoja na Baba Zuhura na Zuhura. Mafiga yetu yalikuwa yametawanyika, moja limezama udongoni. Pale tulipokuwa tumetandika palikuwa pamekanyagwa, nyayo pana kama masinia, zikienda na kurudi, na mkeka ulikuwa umeshindiliwa kwenye tope mpaka hauvutiki. Zuhura aliutazama sana.

"Huo ni wangu, mwalimu," akasema. "Hapo ndipo nilipotaka kulala."

Tuliteka maji tukaondoka.

Bungu tuliingia jioni ile, tukapokewa vizuri, na kesho yake tukacheza. Shule nyingine zilikuja kwa gari, wachezaji wao na sare za rangi moja. Wangu walivua zile raba wakaziweka pembeni, wakacheza peku. Mwanangu, ungewaona. Walikimbia kama wasichana waliolala kwao. Tuliwafunga wenyeji, tukawafunga wengine, tukashindwa mchezo wa mwisho kwa bao moja, na Bi Tatu alikuwa amejifunga kanga kiunoni akipiga vigelegele hata kwa mpira uliotoka nje. Mwalimu wa shule moja alitaka kujua tumelala wapi njiani tukafika na nguvu namna hiyo. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu, na nilipokuwa nikilieleza nilishangaa kuona sina aibu hata chembe. Nilikuwa nimesimama pale nikijivunia timu yangu, na kumjivunia mama mmoja mkulima, na kujivunia nafsi yangu iliyoweza kusema nimekosea mbele ya watoto kumi waliochoka.

Tulirudi kumi. Niliwahesabu pale kivukoni mmoja mmoja, mbele ya mama zao.

Sikurudi Singida. Nimezeekea hapa Kibiti, wilaya hii hii ya Mbuchi na Bungu, na katika miaka yangu ya ualimu nimewavusha watoto mbuga ile mara nyingi, mpaka magari yalipoanza kufika karibu. Kila mara, kabla ya kutua mzigo, niliwauliza wenyeji wote waliokuwa nami, hata aliyekuja kubeba maji tu. Hakuna mtoto aliyewahi kuumia mikononi mwangu. Hili nalisema kwa kichwa kilichoinuka, na Mungu anisamehe kama nimezidisha.

Basi wewe unayeanza safari, sikia ninalokwambia. Anza kutafuta pa kulala jua lingali juu, maana mtu aliyechoka hachagui, huangukia. Usipapende mahali kwa sababu panapendeza. Kwanza uliza ni nani aliyepafanya pakapendeza, na atarudi lini. Ujuzi wa kwenu ni mali, uchukue, lakini usiutumie kuwafumbia macho wenyeji wa unakokwenda. Ukipewa cheo, elewa kwamba wanaojua watakunyamazia kwa heshima, kwa hiyo ni juu yako kuuliza, tena uulize kabla hujaamua. Na ukishagundua umekosea, hama. Hama na wali wako mbichi, hama mtoto akilia, hama watu wakikutazama. Heshima ya mkubwa haipungui kwa kukiri. Hupungua pale watu wanapodhurika kwa sababu alishindwa kukiri. Na ikiwa wewe ndiye uliyeliona kosa la mwenzio, mvute pembeni umwambie, umwachie nafasi ya kulirekebisha kwa mdomo wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mwinuko mkavu kila utakapochoka, na watu wa kweli wa kufuatana nao. Wote utakaokabidhiwa, uwafikishe wazima, na mama zao wakuombee dua kwa jina lako.