Fundo la Mama Gramu

Soko zima lilimwita Mama Gramu, na waliomwita hivyo kwa kejeli walikuwa wengi kuliko waliomwita kwa mapenzi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi wa vipimo. Alipita meza kwa meza akiweka mawe yake juu ya mizani za watu. Mizani iliyosema kweli aliigonga muhuri, iliyodanganya aliifungia. Aliwahi kuifungia mizani ya wifi yake mwenyewe, muuza sukari, mchana kweupe, na wifi akamnunia miezi minne.

Mawe hayo yote yalipimwa kwa jiwe moja la kilo waliloliita jiwe mama. Lilikaa ofisini ndani ya kisanduku cha mbao, wala halikuguswa kwa mkono mtupu. Kila baada ya miaka miwili lilipanda ndege kwenda Dola Kubwa, nchi iliyoishika dunia nzima kiganjani, likapimwe kwenye maabara yao na kurudi na cheti. Bila cheti hicho, kilo haikuwa kilo. Ndivyo walivyofundishwa, na hakuna aliyeuliza.

Jumatatu moja bosi wake akamwita. Mezani palikuwa na barua ya mistari mitatu: Dola Kubwa imeifunga maabara ile, haitapokea tena jiwe la nchi yoyote. Kando ya barua aliketi mgeni mwenye tai, mjumbe wa dola nyingine, ile inayopanda.

"Usihangaike, mama," bosi alisema. "Mwenzetu ametuletea mizani mia mbili za umeme, bure. Ijumaa tunazigawa sokoni, waziri atakuwepo. Kazi yako ni kugonga muhuri tu."

"Nitazipima lini?"

Mgeni alitabasamu. "Utazipimaje, mama? Jiwe lako halina cheti tena. Mizani zetu zina cheti chetu. Kisicho na cheti kitakihukumu vipi chenye cheti?"

Bosi akapiga meza kwa kicheko. "Hapo kakubana!"

Mama Gramu akarudi stoo, akafungua kisanduku. Jibu hakulikosa. Alikuwa nalo miaka sita, na lilikuwa jibu la aibu.

Kabla ya kila safari, yeye ndiye aliyelivika jiwe mama kipande cha ngozi laini na kukifunga kwa uzi. Alifunga fundo alilofundishwa na baba yake, fundi viatu, fundo ambalo hakuna mwingine ofisini aliyeliweza. Safari tatu za mwisho, jiwe lilirudi na fundo lake vilevile, uzi haujalegea hata kidogo. Cheti kilichokuja nalo kilikuwa kipya, chenye sahihi, kikitaja uzito mpaka tarakimu ya mwisho. Dola Kubwa iliacha kupima zamani kabla haijaacha kugonga muhuri.

Yeye aliliona hilo. Aliliona, akakitundika cheti ukutani, akanyamaza.

Dola haianguki siku inapofunga milango. Inaanza kuanguka siku inapoweka sahihi juu ya kitu isichokitazama, na wanaopokea sahihi hiyo huku wakijua, wanaanguka nayo. Mama Gramu alikuwa ameanguka mara tatu.

Akarudi kwa bosi akamweleza yote, mgeni akisikia.

"Kwa hiyo miaka sita tumepima hewa?" bosi aliuliza.

"Tumepima kwa imani. Sasa mnataka niihamishe imani hiyohiyo mlango wa pili."

"Mama, usipogonga wewe, atagonga mwingine."

"Muhuri nimekabidhiwa mimi, kwa sahihi yangu. Uko ndani ya pochi, na pochi naondoka nayo."

Jioni ile alimpigia simu mkaguzi mwenzake wa nchi jirani. Walikutana zamani kwenye mafunzo huko Dola Kubwa, na tangu hapo wakaitana shemeji kwa utani.

"Shemeji, jiwe lako huwa linafunguliwa kule?"

"Mimi huweka karatasi ya pipi chini yake," mwanamume alijibu. "Mara mbili imerudi palepale. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Akawapata wawili wa kulinganisha nao mawe: shemeji huyo, na mwanamama wa nchi ya tatu mwenye mizani ya maabara inayonasa hata uzito wa unyoya. Jumatano walikutana kwenye chumba cha forodha mpakani, kila mmoja na kisanduku chake. Walifunga madirisha, wakazima feni ili upepo usiitikise mizani, wakapima mawe yao matatu kutwa nzima, jasho likiwatiririka.

Mawili yalilingana. La Mama Gramu lilikuwa pungufu kwa miligramu ishirini.

"Lako limekonda, shemeji. Hulilishi?"

Maneno yalimchoma. Mwanamama wa nchi ya tatu akashusha kalamu. "Tuandike, au tuache?"

"Andika," Mama Gramu alisema. "Andika kama lilivyo."

Wakatia sahihi zao tatu kwenye ukurasa wa daftari. Haikuwa hakika ya milele. Ilikuwa hakika ya watu watatu waliotazama.

Ijumaa, tangu alfajiri, alikuwa sokoni akizipima mizani mpya moja baada ya nyingine, huku akilijazia jiwe lake upungufu wake kwa kipande chembamba cha waya. Bosi alikuja juu, lakini waziri alikuwa njiani na muhuri ulikuwa pochini. Mia na themanini na moja zilisema kweli, akazigonga muhuri. Kumi na tisa zilizidisha uzito, akazitenga.

Mgeni alikuja na faili lake. "Cheti chetu kinasema zote ni sahihi."

"Cheti chako nimekisoma. Mizani zako nimezitazama."

"Na unategemea nini? Karatasi hiyo ya daftari uliyoshika?"

"Ndiyo. Walioiandika nawajua, na siku yoyote wakinidanganya nitajua. Kesho nchi yako nayo ikichoka, karatasi hii itakuwepo."

Wachuuzi wakaguna kwa kuridhika. Kisha wifi, muuza sukari, akajipenyeza mbele. Mizani aliyopangiwa, ambayo tayari alikuwa ameikumbatia, ilikuwa kati ya zile kumi na tisa.

"Wifi, hata hii?"

"Hata hiyo."

"Haya," wifi akasema, akiitua mizani chini kwa kishindo. "Anza kuhesabu miezi minne."