Kompyuta Iliyokataa Kila Kitu

Chuoni kwetu Dodoma, miaka ile ya soko huria, kompyuta zote zilitumia mfumo wa Linux kwa sababu moja tu: ulikuwa wa bure. Mimi ndiye niliyezitunza, kwa ajira ya muda. Programu zikirekebishwa huko zinakotengenezwa, tuliletewa kwa sidii, yaani diski za CD, zilizosafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, nami nilizipakia bila kuuliza. Wiki moja ya mitihani nikapakia, na asubuhi yake hakuna kompyuta hata moja iliyokubali kuchapa, mpaka nikarudisha programu za zamani. Mkuu wa chuo akapiga marufuku: hakuna programu mpya kuingia bila kupimwa.

Basi nikatenga kompyuta moja kuukuu iwe mlinzi. Nikiweka sidii, yenyewe ilijipakia programu mpya, ikajizima, ikajiwasha, ikafungua waraka na kuchapa ukurasa mmoja. Printa ikijibu kuwa karatasi imetoka salama, mlinzi alizipitisha programu kwenda kompyuta nyingine. La sivyo, alikataa. Niliipanga ipime saa ya chakula, maana printa ilikuwa ofisini kwa katibu muhtasi na hiyo ndiyo saa pekee ilipopumzika. Nilijivuna utadhani bwawa la Mtera nimelijenga peke yangu.

Mlinzi akawa mkali kupita kiasi. Alikataa, akakataa tena. Kila nikirudi kutoka kula wali maharage, kioo kimeandika: IMEKATALIWA. Nikamwandikia barua pepe mtengenezaji mmoja wa programu hizo huko Ulaya, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko suruali yangu, kwamba kazi yake haifai. Akajibu kwa upole kuwa kwake inachapa vizuri. Nikamdharau.

Halafu mkuu akaniita. Wabunge wangekuja Ijumaa kuona kompyuta zetu, na vyeti vya wahitimu visingechapika kwa programu za zamani, ila kwa mpya tu.

"Visipotoka, Jumatatu unarudi kwenu Kongwa, na sisi tunarudi kwenye taipureta."

"Mzee, basi niruhusu nipakie bila kupima."

"Marufuku ni marufuku."

Kwetu Kongwa kulikuwa na mbuzi, na mbuzi hawaajiri. Niliogopa sana. Alhamisi sikwenda kula. Nilijibanza nyuma ya kabati ofisini kwa katibu muhtasi niitazame printa.

Mama yule tulimheshimu wote, na mwisho wa mwezi alikuwa akinigawia ugali wake. Saa ya chakula ilipofika alifuta meza, akatoa kitambaa alichokidarizi maua kwa mkono wake, akaifunika printa gubigubi, akaondoka. Punde printa ikaunguruma chini ya maua. Karatasi ikachungulia, ikagonga kitambaa, ikajikunja, ikakwama; kumbe ndizo alizokuwa akizichomoa na kuzitupa kila akirudi.

Nilicheka peke yangu, kisha nikataka kulia. Nikafunua, nikaichomoa karatasi, nikaanzisha kipimo upya. Kikapita, kompyuta zote zikapata programu, nami nikaanza kuchapa vyeti.

Mama aliporudi alisimama mlangoni. "Nani kaivua nguo printa yangu?"

Kabla sijajibu, mkuu akaingia kuchukua cheti cha kwanza kilichokuwa kikitoka. Akakigeuzageuza, akatabasamu. "Kijana, kazi yako unabaki nayo. Sasa niambie, tatizo lilikuwa nini siku zote hizi?"

Mama akanikazia macho. Kumtaja yeye mbele ya mkuu ningethubutu wapi?

"Vumbi, mzee," nikasema.

"Si nilijua! Vumbi la Dodoma hili!" Akamgeukia mama. "Mama, tafadhali, kuanzia leo hiyo printa uifunike mara mbili."