Bizari Niliyoifunga kwa Karatasi ya Falsafa

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe, wala sina wa kumsingizia: nilifunga bizari ya harusi kwa karatasi ambayo haikufaa kuonwa na mtu.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, nimeishia kidato cha nne, na kazi yangu hapa Bagamoyo ni kupika pilau za shughuli. Mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu akaanzisha darasa la falsafa ya kale ya Ulaya, kila Jumamosi barazani kwake, nami nikajiunga (mke wangu alisema afadhali nikawasumbue Wagiriki kuliko yeye). Tulipofika kwa Wastoiko wa Roma nikanogewa. Hao walifundisha kwamba kila asubuhi ufikirie mabaya yanayoweza kukupata, ili yakija yasikushtue, na watawa wa Zama za Kati nao wakawa wanakumbuka kifo kila siku, na kwa kweli ilinisaidia, maana mama alipougua sikupagawa. Ila mimi kwa kiherehere changu nikawa nayaandika daftarini, tena kwa majina ya watu.

Basi harusi ya Zuhura, binti wa jirani yetu, ikapangwa Ijumaa, na pilau nikapewa mimi. Jumatano nikapima bizari nyembamba, iliki na karafuu, nikachana karatasi ya kwanza iliyonijia mkononi, nikafunga, nikampelekea Mama Zuhura zikatwangwe. Sijamaliza hata chai, naitwa.

Uani kwao wanawake wameacha kuchambua mchele. Bi Kidawa, shangazi wa bibi harusi, ameshika ile karatasi, miwani puani.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

Badala ya marahaba akasoma: "Zuhura anaweza kuachwa siku ya ndoa. Mama Zuhura anaweza kufa kabla ya Ijumaa." Akanitazama. "Na karafuu ndani yake. Kitu gani hiki, Baba Rama?"

"Ni falsafa," nikasema, na ningeishia hapo pengine ningepona, lakini nikataka kuwatuliza. "Wala si nyinyi peke yenu, mtaa mzima nimewaandikia."

Wawili wakainuka wakasogea mbali nami. Mmoja akasema atafutwe mpishi mwingine, kutoka kijiji cha Mlingotini. Wastoiko wanasema maneno ya watu yasikubabaishe, lakini mimi nilibabaika, kwa sababu mpishi akishaitwa mchawi nani atakula tena chakula chake?

Nikakimbia kuleta daftari zima. Zuhura, ambaye siku hizo hatoki ndani, akatoa mkono mlangoni akaliomba, akalisoma, kisha tukasikia kicheko.

"Mama, kajiandikia mabaya kuliko sisi. Ameandika ataunguza pilau, afukuzwe kwa bakora, halafu aanguke chooni."

Wakacheka, isipokuwa Bi Kidawa. Daftari nikalitia motoni kwa mkono wangu, na tangu siku ile nafikiria mabaya yangu tu, tena kimoyomoyo.

Ijumaa, wakati wa kupakua, nikamuuliza Mama Zuhura kama kweli aliniona mchawi. Hakuinua hata macho kwenye sinia.

"Ungekuwa mchawi ningekuogopa. Wewe mjinga tu, na mjinga anaweza kupika."