Swichi ya Redio ya Baba

Redio ya baba iliharibika swichi siku ya matanga yake, mbele ya watu wote, na aliyeiharibu ni mtani wetu. Sisi Wanyamwezi tunataniana na Wazaramo tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani, na kwetu msiba bila mtani haujakamilika. Huyu alikuwa mzee wa Kizaramo aliyehamia Urambo kulima tumbaku. Alivaa koti la marehemu, akakalia kiti chake, akakohoa kikohozi chake kilekile. Kisha akaipiga redio vibao viwili, kama baba alivyofanya kila ilipokoroma, akasukuma swichi kwa nguvu zake zote.

"Mnalia nini? Nileteeni chai, taarifa ya habari inaanza!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, machozi yakimtoka. Redio mtani akaing'ang'ania mpaka tulipoikomboa kwa jogoo.

Tangu siku hiyo ikawa inajiwasha. Lori la tumbaku likipita, inaongea. Upepo ukibamiza mlango, inaongea, halafu kimya. Nilijua ni swichi imelegea. Nilijua vizuri, lakini mara ya kwanza nilikuwa peke yangu sebuleni, saa nane mchana, nachambua mchele, na ungo ulinidondoka.

Mama hakushtuka. "Mtani kamwita, naye kaitika," alisema. Kila ilipowaka, alimimina chai kikombe cha pili.

Nilitaka nimhamishie kwangu, Tabora mjini, karibu na hospitali. Miguu yake ilikuwa imevimba na presha ilikataa kushuka. Akagoma.

"Nitamwachaje mwenye nyumba peke yake, mwanangu?"

Mimi sina simile. Nikamlaani mtani kimoyomoyo, nikaamua kuitengeneza ile redio.

Niliifungua mezani mama alipokwenda kwa jirani. Ndani mlijaa vumbi la tumbaku, na harufu ilipopanda nilihisi baba kainama nyuma ya bega langu, anaangalia ninavyoshika bisibisi. Niligeuka. Hakukuwa na mtu. Vibati viwili vya shaba ndani ya swichi vilikuwa vimepinda, vikitikiswa kidogo tu vinagusana. Nikaing'oa, nikaweka swichi niliyoitoa kwenye tochi mbovu, nikalehemu kwa msumari niliopasha kwenye mkaa. Baba ndiye aliyenifundisha kulehemu hivyo. Niliogopa, nakiri, mpaka nilipofunga skrubu ya mwisho.

Lori likapita. Kimya. Upepo ukabamiza mlango. Kimya. Mama alimimina vikombe viwili hata hivyo, akakaa akingoja mpaka chai ikapoa. Siku ya tatu alifunga kanga zake kwenye furushi.

"Ameondoka," alisema. "Haya, twende."

Kwenye basi aliipakata redio. Barabara siku hizi ni ya lami, ila kila kijiji kina matuta, na kila basi liliporuka tuta mama aliinamisha sikio. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nikakaa pale pembeni yake, tuta baada ya tuta, nikimwomba Mungu ile lehemu iachie, nyaya zigusane, redio iongee. Lakini baba alinifundisha vizuri. Haikuachia.